Sita Mbili Chini ya Meza

Pale Kizota, ukishapita gereji ya malori, kuna karakana ya seremala Cornel. Usitafute kibao, hana. Wewe sikiliza tu panapopigwa kelele za kuchomelea vyuma, maana jirani yake ni Hashimu, fundi wa mageti, mtu wa Kolo kule Kondoa, na Hashimu huwezi kumkosa. Mwenyewe ana kelele kuliko mashine yake.

Cornel alikuwa mtu mpole, mchapakazi, hanywi, hagombani na mtu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni sudoku. Kwa asiyeujua mchezo huo, ni miraba themanini na mmoja, tisa kwenda na tisa kushuka. Unajaza namba moja mpaka tisa, na namba isijirudie kwenye mstari, wala kwenye safu, wala ndani ya kila boksi dogo la miraba tisa. Kuueleza ni rahisi. Kuucheza sasa, utaita mama.

Gazeti lilikuwa la Hashimu. Alilinunua kila asubuhi kwa ajili ya mpira, na yule aliyelipanga gazeti, sijui alikuwa na ugomvi gani na watu wa Kizota, aliweka sudoku nyuma ya ukurasa wa matokeo ya mpira. Cornel alishaomba mara ngapi auchane ule ukurasa! Hashimu hataki kusikia. "Chana siasa, chana matangazo, chana hata picha yangu nikitoka humo," alikuwa akisema, "lakini mpira wangu uache kama ulivyo." Basi Cornel akawa anainakili sudoku kwenye ubao wowote uliolala mezani pake ukisubiri kufanyiwa kazi, anaichora kwa penseli yake ya useremala, anajaza taratibu huku gundi ikikauka. Akimaliza anapiga randa, namba zinadondoka pamoja na maranda, ubao unabaki mweupe. Yapo makabati mengi humu mjini Dodoma yaliyowahi kuandikwa sudoku, na wenyewe hawana habari.

Na hakucheza peke yake. Alicheza na binti yake, Paskalia, mtoto wake wa pekee. Walianza Paskalia akiwa darasa la tatu. Akitoka shule anapitia karakana, anapanda juu ya boksi la misumari, anatoa biki yake ya bluu. Baba ana penseli nyeusi, mtoto ana biki ya bluu. Kila mtu anaweka namba moja, kisha anampisha mwenzake. Hakuna kufuta. Na ukiona mwenzako amekosea, unanyamaza. Unanyamaza kabisa, hata kukohoa hukohoi, mpaka alione kosa lake kwa macho yake. Siku akiliona, yeye mwenyewe aliyekosea ndiye anayeshika randa, anapiga ubao wote, wanaanza upya.

Hashimu aliona huo ni uchawi. "Sasa si umwambie mtoto kwamba kakosea?" aliuliza siku moja, alipomwona Paskalia, kimo cha meza, anahangaika na randa kubwa kuliko mkono wake.

"Nikimwambia atajua kwamba mimi nimeona," Cornel akajibu. "Mimi nataka aone yeye."

Wakaenda hivyo miaka kumi na saba. Hata Paskalia alipokuwa chuo kule Hombolo, Jumamosi akija mjini alipita kwanza karakana, akaweka namba yake, ndipo akaenda nyumbani kumwamkia mama yake. Cecilia, mama mtu, alinuna mpaka akachoka kununa.

Kisha ajira zikatoka, na jina la Paskalia likawa kwenye orodha ya halmashauri moja kule Songea.

Songea! Cornel alifurahi, nani hafurahi mwanawe kupata kazi? Aliwaambia wateja wote, hata wale waliokuja kulalamika. Lakini usiku ule ule wa furaha alimwambia Cecilia wazi, bila kuficha: "Mama Paska, mimi nitacheza na nani?" Cecilia alidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi aliyowahi kuzungumza na mwanawe aliyazungumza wakiwa wameinamia ubao. Mchezo ukikatika, hakujua angempata wapi tena.

Paskalia naye alilifikiria hilo. Siku mbili kabla ya safari alikuja karakana na simu ya kugusa, mpya, ndani ya boksi lake.

"Shikamoo, Baba. Hii ni yako. Nimekuwekea sudoku humu, na mimi ninayo hiyo hiyo. Kila siku inatupa fumbo moja, mimi na wewe tunapata lile lile. Ukimaliza inakuonyesha umetumia dakika ngapi, unanitumia picha, na mimi nakutumia yangu. Tunaendelea kama kawaida."

"Marahaba, mama. Sasa naandikia nini?"

"Kidole, Baba. Unagusa tu."

Akagusa. Simu kimya. Akagusa tena, akabonyeza, akasukuma kama anayepiga kengele ya mlango. Wapi! Miaka thelathini ya gundi, vanishi na msasa ilikuwa imeifanya ncha ya kidole chake kuwa gamba, na simu haikutambua kwamba hiyo ni nyama ya mtu. Hashimu alikuja kuchungulia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda.

"Jaribu pua, Fundi Cornel! Pua hujaipaka gundi!"

Ikabidi Paskalia amfundishe kutumia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakikuwahi kufanya kazi yoyote ya maana. Hicho simu ilikikubali. Alipoweka namba ya kwanza, mraba ukawa mwekundu na simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Imekuwaje?"

"Umekosea, Baba. Inakwambia hapo hapo."

"Haingoji?"

"Haingoji."

Cornel aliitazama ile simu kama mtu aliyetukanwa na mtoto wa jirani. Lakini aliipokea, maana zawadi ni zawadi, na mwanawe alikuwa anamtazama.

Paskalia akaondoka. Jioni ya kwanza akatuma picha: dakika saba. Cornel alitumia dakika hamsini na mbili, na simu ilimtetemekea mara kumi na nne. Siku ya pili mwanawe sita, yeye arobaini na nane. Kidole kidogo kilimuuma. Kila akikosea, mraba mwekundu, mtetemo, mraba mwekundu. Alizoea kukaa na kosa lake siku tatu akilinusanusa, leo anakosolewa kabla hajaondoa kidole. Na aibu iliyomkamata hasa ilikuwa hii: aliogopa binti yake atachoka. Nani ana subira ya kumngoja mzee wa dakika hamsini? Leo atangoja, kesho atangoja, keshokutwa atashika mambo yake.

Ndipo alipoigundua ile taa. Pembeni ya mchezo kulikuwa na alama ndogo ya taa. Ukiigusa, simu yenyewe inakujazia namba. Mwanzo aliigusa mara moja tu, akajisikia vibaya, akaizima simu. Kesho yake aliigusa mara tano. Wiki haijaisha alikuwa anaigusa mfululizo, namba zinajipanga zenyewe, yeye anaangalia tu kama anayeangalia mvua.

Akatuma picha: dakika nne.

"BABAAA!" Paskalia akaandika. "Umenishinda! Kidole kimekubali!"

Cornel alifurahi na akaumia kwa pamoja. Lakini furaha ya mwanawe ilikuwa tamu, basi kesho akatuma nne tena, halafu tatu na nusu. Hashimu alipomuuliza kulikoni, alisema amezoea. Mwongo mkubwa. Mtu mzima, mwenye heshima zake, fundi aliyetengeneza viti vya kanisa!

Sasa nikwambie kilichokuwa kinaendelea karakana wakati huo huo. Mchana, simu ikiwa mfukoni, Cornel aliendelea kuinakili sudoku ya gazeti juu ya ubao kama zamani. Namba yake aliiandika kwa penseli. Kisha anatoa biki ya bluu aliyoiacha Paskalia kwenye kopo la misumari, anahamia upande ule aliozoea kusimama mtoto, anafikiri mtoto angeweka nini, anaandika. Kisha anarudi upande wake. Alikuwa anakwenda polepole, anafurahi, hakuna kinachomtetemekea. Akisikia hatua za Hashimu anatupia kitambaa juu ya ubao.

Mwezi wa pili tangu aondoke, Paskalia akaanza kupunguza. Picha ikaja leo, kesho isije. Kisha wiki nzima kimya. Salamu zilikuja, "Shikamoo Baba, kazi zinaendaje," lakini mchezo hamna. Cornel akatuma dakika tatu. Paskalia akajibu, "Hongera Baba," basi. Moyo wa Cornel ukashuka. Akamtuma Cecilia aulize, maana mwenyewe hakuthubutu.

Cecilia alimpa majibu wakiwa wanakula. "Mwanao anasema siku hizi huna haja naye. Unamaliza kabla hajakaa. Anasema anaona anakuchelewesha tu, afadhali akuache ucheze na wanaoweza."

Cornel aliweka tonge chini. Alikuwa amedanganya ili mtoto asichoke naye, kumbe uongo ndio uliomfukuza. Angesema ukweli saa hiyo, yangeisha. Lakini ukweli ulikuwa umeshalala wiki sita, na ulikuwa unanuka. Akaomba maji ya kunawa.

Ikawa bahati Paskalia akahitaji meza. Chumba alichopanga hakikuwa na meza, akamwomba baba yake amtengenezee, ya miguu ya kufungua na kufunga, ipakiwe kwenye buti la basi. Cornel alifanya kazi ile kwa mapenzi yote. Alichagua mninga alioutunza tangu mwaka juzi, akaunga mbao tatu kwa gundi, akazibana, zikakaa juu ya meza yake siku sita zikisubiri. Na ubao ukilala mezani pa Cornel siku sita, wewe unajua kitakachotokea.

Siku ya saba Hashimu akaja mbio. "Fundi, konda wa basi la Songea ni ndugu yangu, anaondoka kesho alfajiri, kesho hiyo hiyo, halafu gari linaingia gereji wiki mbili. Meza iko wapi?"

Wee! Ikapigwa randa ya haraka, ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi, ikakaushwa juani, miguu ikafungwa pembeni na kamba. Alfajiri ikapanda basi. Cornel akarudi karakana ametulia, akashika ufagio aondoe maranda. Akafagia, akafagia, mkono ukasimama.

Maranda yote yalikuwa safi, bila alama. Hakukuwa hata na kipande kimoja chenye bluu.

Kwa haraka yake alikuwa amepiga randa uso wa juu wa meza tu. Upande wa chini, ule aliouandikia namba, hakuugeuza.

"Hashimu!" aliita kwa sauti ambayo Hashimu alikuwa hajawahi kuisikia. "Mpigie simu ndugu yako! Asimamishe basi!"

"Basi limeshatoka mjini kitambo, wewe. Kuna nini?"

Akamweleza. Akamweleza yote, na taa, na dakika nne, na biki ya bluu. Hashimu alisikiliza mdomo wazi. Halafu, Mungu amsamehe, akacheka. Akacheka akishika nguzo. "Kwa hiyo yule bingwa wa dakika tatu na nusu ameandika chini ya meza, siku sita, na hajafika hata nusu?"

"Na tarehe niliandika," Cornel akasema kwa unyonge. Ilikuwa desturi yake kuandika siku aliyoanza.

"Na tarehe!" Hashimu akafuta machozi. Kisha alipoona uso wa mwenzake, akaacha kucheka, akamvutia kigoda. "Kaa kwanza. Mtoto ni wako, hatakumeza."

Siku mbili Cornel hakufanya kazi ya maana. Alipima ubao mara tatu na akaukata mfupi. Aliona kabisa, Paskalia anaigeuza meza kufunga miguu, anaziona namba nyeusi na namba za bluu ambazo hakuziandika yeye, anasoma tarehe, anahesabu. Atasema nini? Pengine asiseme kitu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu ikalia kwenye mfuko wa shati. Picha. Aliifungua kwa kidole kidogo cha kushoto, ikagoma, akakipangusa kwenye suruali, ikafunguka.

Ilikuwa sudoku yake, juu ya mninga, nusu haijafika. Namba nyeusi, namba za bluu. Na kwenye pembe ya chini kulikuwa na nne ya bluu ambayo yeye hakuiandika. Wino wake ulikuwa bado unang'aa.

Chini ya picha mwanawe alikuwa ameandika: "Shikamoo Baba. Meza ni nzuri sana, haitikisiki. Zamu yako."

Cornel alikaa juu ya boksi la misumari. Alilia kidogo, na sioni sababu ya kumfichia, alilia. Halafu akapiga kamasi, akatafuta kipande cha ubao, akanakili yote yaliyokuwa kwenye picha, nne mpya ikiwemo, akaanza kutafuta pa kuweka namba yake. Akatafuta mpaka chai ya saa nne ikapoa. Kuna kitu kilikataa. Kila alipoelekea, mstari wa tano ulimzuia. Akauhesabu kwa ncha ya penseli, mraba kwa mraba, na ndipo alipoona. Mstari wa tano ulikuwa na sita mbili. Moja aliinakili kutoka gazetini. Ya pili, nyeusi na nene zaidi, haikutoka gazetini. Ilikuwa yake.

Akapiga simu.

"Paska. Mstari wa tano una sita mbili."

"Ndiyo, Baba."

"Umeziona lini?"

"Nilipoigeuza tu meza. Hata miguu nilikuwa sijafunga."

"Na hukusema."

"Kwani kwetu nani anasema?"

Cornel alicheka, kicheko kikakatika njiani. "Mama, zile dakika nne..."

"Najua, Baba."

"Kulikuwa na taa."

"Naijua hiyo taa. Mimi mwenyewe nimeigusa mara moja, siku niliyokuwa na homa. Nikajisikia kama nimeiba." "Baba, mimi sikutaka ushinde. Nilikuwa nataka zamu yangu. Simu hainipi zamu. Nilipoona hizi za bluu nimekaa sakafuni nusu saa. Umeniwekea zamu zangu zote."

"Nyingine nilikosea, nadhani."

"Hapana. Zangu zote ziko sawa. Ni wewe uliyeharibu."

Hapo wote wawili wakacheka, na Hashimu kule kwenye mageti akazima mashine asikie vizuri, mbeya mkubwa.

"Sasa tunafanyaje?" Cornel akauliza. "Chukua msasa, sugua taratibu, uanze upya, unitumie picha. Simu itafaa kwa kazi hiyo."

"Msasa siutumii. Sheria ni randa."

"Songea hakuna seremala mwenye randa?"

"Wapo wengi. Lakini kosa si la kwao." Sauti yake ikawa ile ya darasa la tatu, ile ya mtoto anayejua kabisa anachoomba. "Aliyekosea ndiye anayepiga randa. Njoo, Baba. Njoo na Mama, chumba kinatosha. Meza yangu haipandi basi tena."

Cornel hakuwahi kusafiri mbali kuliko Morogoro, na Morogoro alikwenda kwa msiba. Alisema atafikiria. Alifikiria mpaka saa sita mchana, kisha akaenda kukata tiketi.

Wiki ile ile walikuwa stendi, yeye na Cecilia. Cecilia alikuwa na mfuko wa mlenda mkavu, karanga, na zabibu za Hombolo alizozifunga vizuri zisipondeke. Cornel alikuwa na begi dogo, na ndani ya begi kulikuwa na shati moja na randa. Shati lenyewe lilikuwa limeviringishwa kwenye randa ili kisu chake kisiumize mtu.

Basi likiwa limeshawashwa, Hashimu akatokea, anahema, gazeti la siku hiyo mkononi. Alisimama dirishani, akalifungua kurasa za katikati, akautazama mpira wake kwa mara ya mwisho. Kisha akachana. Akachana ukurasa mzima, na matokeo yake yote, na msimamo wa ligi, akampitishia Cornel dirishani.

"Mtaanza upya, mtahitaji fumbo jipya," alisema. "Na usinitumie shukrani. Nenda kapige randa."

Cornel aliukunja ukurasa mara mbili, akautia kwenye mfuko wa shati pamoja na penseli.